Pua Iliyolala: Kwa Nini Kila Chumba cha Mgeni Kinahitaji Kitambuzi Chake cha Moshi

Mgeni anayefika Kericho mwezi wa Julai huomba mambo matatu kabla hata hajafungua mkoba: blanketi la ziada, maji moto, na dirisha lifungwe vizuri. Hana lawama. Mji uko yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua haikawii kurudi alasiri, na usiku ukungu hupanda kutoka mashamba ya chai ukafika hadi kwenye vioo. Kuanzia Tea Hotel, iliyojengwa na kampuni ya Brooke Bond mwanzoni mwa miaka ya 1950, hadi lojingi za Litein, Sotik na Bomet mjini, kazi ya kwanza ya chumba cha kulala ni kumkinga mtu na baridi.

Kila moja kati ya maombi hayo matatu lina uzito wake moto unapotokea. Blanketi na godoro ndivyo vitakavyoungua. Maji moto hutoa mvuke. Dirisha lililofungwa hukizuilia chumba hewa. Na juu ya kitanda, kwenye dari, kuna au panapaswa kuwa na kifaa cheupe cha mviringo, ukubwa wa kisosi, ambacho wageni wengi hawakiangalii mpaka kilie. Wenye hoteli wengi hukiona kama gharama inayorudiwa bure. Wanasema: tumeweka kengele ukumbini karibu na ngazi, na mlinzi yuko macho usiku kucha, kwa nini tena kila chumba kiwe na chake? Jibu liko kwenye maumbile ya moshi, ya sauti na ya usingizi, na tunaweza kulifikia hatua kwa hatua.

Tuanze na moshi wenyewe. Kitu kigumu hakiungui moja kwa moja. Joto hukivunjavunja kikatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayoshika moto ikikutana na oksijeni. Angalia ukuni unaowaka jikoni kwa makini: mara nyingi mwali umeinuka kidogo kutoka kwenye mti, na katikati kuna pengo jembamba. Pengo hilo limejaa gesi ambayo imeshatoka kwenye mti lakini haijawaka. Gesi hiyo ikipata oksijeni ya kutosha, hubaki kaboni dioksaidi na mvuke wa maji, vitu viwili ambavyo jicho halivioni. Isipoipata, mwako hukatika njiani. Kaboni isiyoungua hushikana ikawa masizi. Mvuke wa lami hupoa ukaganda kuwa matone madogo mno. Kaboni nyingine hupata atomi moja tu ya oksijeni badala ya mbili, ikawa kaboni monoksaidi. Mchanganyiko huo wa masizi, matone na gesi ndio tunaouita moshi. Kwa hiyo moshi mwingi ni dalili ya moto uliokosa hewa, na chumba cha kulala kilichofungwa kwa ajili ya baridi ndicho kinachounyima moto hewa.

Sasa tulitazame godoro. Zamani vitanda vilitandikwa magodoro ya pamba au sufi, na fanicha ilikuwa mbao tupu. Leo karibu kila godoro ni la sponji. Sponji ni poliurethani, na poliurethani hutokana na mafuta ghafi. Imejaa vitundu vya hewa, hivyo moto unapata kuni na oksijeni mahali pamoja, na ikiungua hutoa kaboni monoksaidi pamoja na sianidi ya hidrojeni, gesi mbili zinazoua kwa njia mbili tofauti. Maabara ya Underwriters Laboratories ya Marekani iliwahi kuwasha moto vyumba viwili vilivyowekwa kando kwa kando, kimoja chenye fanicha za kizamani na kingine chenye fanicha za sasa. Wapimaji walikuwa wakingoja ile hali ambayo joto chini ya dari hupanda mpaka kila kitu chumbani kinashika moto kwa pamoja. Chumba cha kizamani kilifikia hapo baada ya dakika 29 na ushei. Chumba cha kisasa kilifikia baada ya dakika 3 na sekunde 40.

Dakika tatu na sekunde arobaini. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka huduma za zimamoto mikononi mwa kaunti, na kutoka mji wa Kericho hadi Litein ni kilomita thelathini hivi za milima na kona. Hata dereva wa zimamoto aliye hodari kuliko wote, akiondoka simu inapokatwa, hawezi kufika chumba hicho kikiwa bado kinaokoleka. Anayeweza kumwokoa mgeni wa Litein katika dakika hizo ni mgeni mwenyewe, na hawezi kufanya lolote akiwa amelala.

Lakini mara nyingi moto wa chumbani hauanzi na mwali. Huanza kwa kufukuta. Waya wa nyongeza uliobebeshwa hita na chaja mbili kwa pamoja hupata joto mahali palipolegea. Sigara huangukia kwenye pindo la blanketi. Kitu hufukuta bila mwali, nusu saa, saa nzima, wakati mwingine zaidi, kikitoa moshi mzito wa vuguvugu, kabla hakijawaka. Kipindi hicho ni zawadi kubwa. Kwa mtu aliye macho hatari ni ndogo, kwa kuwa atasikia harufu, atainuka na kung'oa waya. Ni aliyelala ndiye anayekipoteza chote.

Wengi huamini kwamba harufu ya moshi itawaamsha. Hapa ndipo imani na kipimo vinapoachana. Mwaka 2004 watafiti Mary Carskadon na Rachel Herz wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyiwa watu waliolala maabarani. Waliwapelekea puani harufu ya mnanaa, kisha ya piridini, kemikali yenye harufu mbaya sana ambayo hupatikana kwenye lami ya makaa ya mawe. Walioanza tu kusinzia waliinusa. Usingizi ulipokolea, mnanaa haukumgusa mtu, na piridini, mbaya jinsi ilivyo, ilishindwa kuwaamsha kwa namna ya kutegemewa. Mlio wa sauti uliwaamsha. Pua hulala na mwenyewe. Sikio halilali kabisa. Na moshi wenyewe hauji mikono mitupu: kaboni monoksaidi iliyomo ndani yake huulemeza ubongo, kwa hiyo kila pumzi humsukuma aliyelala mbali zaidi na kuamka.

Kenya imeyaona haya kwenye mabweni, ambako watu hulala wengi chini ya paa moja. Usiku wa 5 Septemba 2024 moto ulizuka katika bweni la Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, na wavulana 21 wakafa. Mnamo Septemba 2017, saa za usiku wa manane, wasichana kumi wa Moi Girls' School, Nairobi, walikufa vivyo hivyo. Siyataji kwa kufananisha shule na hoteli. Nayataja kwa sababu usingizi ni ule ule, na kila dakika inayopita kabla ya kuamshwa hukatwa kwenye dakika za kukimbia.

Basi tumekubaliana kwamba ni sauti itakayomwamsha. Sauti ipi, na itoke wapi? King'ora cha kawaida cha moshi hutengenezwa kitoe desibeli 85 kikipimwa umbali wa mita 3. Desibeli hazihesabiki kama shilingi. Kila zinapopungua kumi, nguvu ya sauti inakuwa imepungua mara kumi. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupoteza desibeli 6. Viwango vinavyofuatwa Marekani na Uingereza vinataka mto wa aliyelala upate angalau desibeli 75. Chukua basi kengele ya ukumbini yenye desibeli 85 ikiwa mita 6 kutoka mlangoni kwa mgeni. Ikifika mlangoni imebaki 79 hivi. Mlango wa mbao uliofungwa vizuri hula 20 au zaidi, na mlango mzito uliotengenezwa kuzuia moto hula zaidi ya hapo. Mpaka ivuke chumba na kufika kitandani, imebaki 50 hivi. Upungufu wa desibeli 25 maana yake ni kwamba nguvu inayofika sikioni ni ndogo zaidi ya mara 300 kuliko inayotakiwa.

Ongeza sasa mambo ya Kericho. Nchi hii ya chai inajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Mawe yakipiga mabati, watu waliokaa meza moja hupaza sauti ili wasikizane. Kengele ya ukumbini iliyobaki na desibeli 50 haina nafasi. Na mlango mzuri, ule unaomkinga mgeni na moto wa nje, ndio pia unaomkinga na kengele ya nje. Jambo hili ningependa kila mwenye hoteli akae nalo kidogo: kadiri anavyoboresha milango yake, ndivyo kengele ya ukumbini inavyozidi kutofaa. Kifaa kikiwa ndani, mita 2 au 3 kutoka kwenye mto, hesabu yote inageuka, kwa maana mlango hauko tena njiani. Kingine ni kwamba moto mwingi wa chumbani huanzia chumbani humo humo. Kitambuzi cha ukumbini hungoja moshi upenye chini ya mlango, na moshi ukipita kiasi cha kukiamsha, aliye ndani amekwisha kuuvuta muda mrefu.

Aina ya mlio nayo ina uzito. Ving'ora vingi hulia kwa mlio mwembamba, mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde, kwa sababu kipaza-sauti kidogo chenye betri ndogo huweza mlio huo kwa urahisi. Bahati mbaya masikio ya wazee hupoteza kwanza milio myembamba. Dorothy Bruck na Ian Thomas wa Chuo Kikuu cha Victoria, Australia, waliwapima watu wakiwa usingizini na kuona kwamba mlio mzito wa mitetemo 520 kwa sekunde huamsha vizuri zaidi, na tofauti hiyo ni kubwa kwa wanaosikia kwa shida na waliolewa. Tangu 2014, kanuni za ving'ora za Marekani zinataka mlio huo mzito kwenye vyumba vya kulala vya hoteli mpya. Hoteli inayojengwa leo Bomet ingefanya vyema kuulizia mlio huo kabla ya kuagiza mzigo.

Kifaa kinaujuaje moshi? Kuna njia mbili, na zote mbili zinastahili kueleweka kwa sababu kila moja ina udhaifu wake.

Njia ya kwanza unaweza kuiona katika jiko lolote la kuni huku milimani. Jua la asubuhi likipenya kwenye ufa wa mbao, unauona mwale wake umesimama katikati ya jiko kama fimbo. Mwanga wenyewe hauonekani ukipita pembeni. Unachokiona ni chembe za moshi zinazoudaka na kuurusha pande zote, kiasi kidogo kikikufikia machoni. Moshi ukiisha, mwale hutoweka ingawa jua bado linapita. Ndani ya kitambuzi cha mwanga kuna chumba kidogo cheusi. Taa ndogo ya LED hutupa mwanga upande mmoja, na jicho la kielektroniki limewekwa kwa pembe ili mwanga usiliangukie moja kwa moja. Hewa ikiwa safi, jicho linaona giza. Moshi ukiingia, chembe hurusha mwanga pembeni, sehemu yake ikaliangukia jicho, na king'ora kikalia. Njia hii huona vizuri chembe kubwakubwa, zenye kukaribia maikromita moja, ambazo ndizo hutolewa na moto wa kufukuta.

Njia ya pili hutumia punje ya amerisiamu-241, elementi yenye mnururisho, uzito wake chini ya maikrogramu moja. Hutoa chembe za alfa, ambazo hazipiti hata karatasi na hewani husafiri sentimita chache tu. Kila chembe ya alfa, katika safari hiyo fupi, hugonga molekuli za hewa na kung'oa elektroni, ikiacha nyuma zaidi ya jozi laki moja na nusu za ayoni. Bamba mbili zenye umeme huzivuta ayoni hizo, na mkondo mdogo mno hupita kati yake bila kukatika. Moshi ukiingia, ayoni hunata kwenye chembe nzito za masizi, zikapoteza mwendo na kukutana na zenye chaji kinyume kabla hazijafika kwenye bamba. Mkondo hushuka, na king'ora kikalia. Njia hii iligunduliwa kwa bahati. Mwanafizikia wa Uswisi Walter Jaeger, miaka ya 1930, alikuwa akitafuta namna ya kutambua gesi ya sumu, na gesi haikukifanya kifaa chake lolote. Akawasha sigara, na mkondo ukashuka. Kitambuzi hiki huwahi moto wa mwali, wenye chembe ndogondogo, lakini huchelewa kwa moto wa kufukuta.

Chumbani kwa mgeni, palipo na godoro, blanketi na waya, hatari kubwa ni kufukuta. Kwa hiyo kama ni lazima uchague kimoja, chagua cha mwanga. Wapo wanaouza vyenye njia zote mbili, na bei ikiruhusu si vibaya.

Mwinuko wa Kericho unaingia hapa kwa namna ya kupendeza. Kwa mita 2,000, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Molekuli zimepungua, alfa hukutana na chache njiani, ayoni hupungua na mkondo hushuka, hata bila moshi wowote. Kifaa kilichopangwa Mombasa kingedhani Kericho nzima inaungua. Wahandisi walitatua jambo hili kwa vyumba viwili ndani ya kifaa, kimoja kilicho wazi kwa moshi na kingine kilichofungwa kiasi kwamba hewa huingia polepole lakini moshi hauingii. Mwinuko na hali ya hewa huvishusha vyote viwili sawasawa. Moshi hushusha kimoja tu. Kifaa hakipimi kiasi cha mkondo, hupima tofauti kati ya vyumba viwili, na tofauti haijali uko Mombasa au Kericho.

Mwinuko una dawa, ukungu ni shida zaidi. Tone la ukungu lina kipenyo cha maikromita 10 hivi, kubwa kuliko chembe nyingi za moshi, na hurusha mwanga kwa ustadi ule ule. Jicho la ndani ya kitambuzi halijui kutofautisha tone la maji na tone la lami. Mgeni akioga maji moto na kuuacha mlango wa bafu wazi, mvuke hutoka, hukutana na hewa baridi ya chumba na kuganda kuwa ukungu halisi. Katika chumba chenye joto cha Mombasa mvuke huo ungeyeyuka bila kuonekana. Chumba cha Kericho chenye nyuzi 14 huufanya wingu. King'ora kinalia, mgeni anapanda kiti na taulo kiunoni, anang'oa betri. Kesho yake mhudumu haoni chochote kibaya, kwa kuwa kifaa kiko pale pale darini, kimekaa kimya. Vitambuzi vingi huuawa hivi, na sina shaka kwamba lawama ni ya aliyekiweka mita moja kutoka mlango wa bafu. Kiwekwe mbali na mlango huo kadiri chumba kinavyoruhusu, upande wa kitanda. Bafu liwe na feni ya kutoa mvuke au dirisha dogo linalofunguka juu.

Hoteli nyingi za nje zimejifunza kitu kingine kutokana na mvuke huu. Kitambuzi cha chumbani hulia chumbani humo, na wakati huo huo hutuma ishara kwenye ubao wa mapokezi. Hakiamshi hoteli nzima. Vya ukumbini na vya ngazi ndivyo vinavyoamsha wote, kwa sababu moshi ukifika huko si mvuke wa bafu tena. Mgeni wa chumba cha 7 akioga, wa chumba cha 12 aendelee kulala. Bila mpango huo, wageni hujifunza kupuuza king'ora, na king'ora kilichopuuzwa ni hatari kuliko kisichokuwepo.

Mahali pa kukiweka kitambuzi panafuata sheria ya hewa moto. Uzito wa hewa hupungua kadiri joto lake la kipimo cha kelvini linavyopanda. Hewa ya nyuzi 20 ina kelvini 293. Ikipashwa hadi nyuzi 313, kelvini zimekuwa 586, maradufu kamili, na uzito wake umekuwa nusu. Ndiyo maana moshi wa mwali hupanda kwa kasi ukagonga dari na kutambaa pande zote. Katikati ya dari ndipo unapofika kwanza. Pembeni kabisa, ukuta unapokutana na dari, hewa husimama na moshi huchelewa, hivyo acha sentimita 10 kutoka kwenye kona hiyo. Lojingi zisizo na dari, zenye mabati tupu juu, zina tatizo lao: mchana wa jua, hewa chini ya bati hupata joto kali, na moshi hafifu wa vuguvugu hauna nguvu ya kulipenya tabaka hilo. Husimama chini yake, kifaa kikiwa juu. Dawa ya kwanza ni kuweka dari. Isipowezekana, kifaa kishushwe kidogo kutoka kwenye kilele cha paa, kisigusane na bati.

Sasa lile ambalo kitambuzi cha moshi hakiwezi kabisa. Baridi ya Kericho na Bomet huwafanya watu waingize jiko la makaa chumbani, na wageni wengine huliomba. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi. Masizi na lami vilishaondoka makaa yalipochomwa. Kilichobaki ni kaboni karibu tupu, na kaboni ikiungua katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na uzito wake unakaribiana na wa hewa, hivyo husambaa chumba chote. Hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na ikishakaa kwenye nafasi ya oksijeni haiondoki upesi. Kwa mwinuko huu, ambapo kila pumzi ina oksijeni pungufu kuanzia mwanzo, mwili hauna akiba ya kupoteza. Kitambuzi cha moshi kitakaa kimya mpaka asubuhi, kwa sababu hakuna chembe ya kurusha mwanga wala ya kunasa ayoni. Kipo kifaa kingine cha kutambua kaboni monoksaidi, chenye seli ya kikemikali, na hoteli yenye meko ya kuni vyumbani au hita ya gesi bafuni inakihitaji pamoja na kile cha moshi. Kwa mgeni anayeomba jiko la makaa, jibu ni blanketi jingine, hata akikasirika.

Kisheria, hoteli nchini Kenya ni mahali pa kazi, hivyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inaihusu, pamoja na Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka huo huo. Zinamtwika mwenye mahali wajibu wa kuwa na njia za kutoka, vifaa na mazoezi ya kuhama jengo, na ukaguzi wa usalama wa moto kila miezi 12. Wapo wanaoichukulia karatasi ya ukaguzi kama mwisho wa kazi. Marekani ilijifunza kwa damu. Tarehe 21 Novemba 1980 moto uliwaka katika hoteli ya MGM Grand, Las Vegas. Uliwaka ghorofa ya chini, lakini wengi kati ya 85 waliokufa waliuawa na moshi ghorofa za juu, mbali kabisa na mwali. Miaka kumi baadaye, sheria ya usalama wa moto katika hoteli ya mwaka 1990 ikataja waziwazi kwamba kila chumba cha mgeni kiwe na kitambuzi cha moshi kilichounganishwa na umeme wa jengo. Serikali ya nchi hiyo ilizuia fedha zake kutumika kwenye mikutano inayofanyika mahali pasipotimiza hilo. Hiyo ni njia ambayo kaunti zetu, zinazofanyia semina hotelini mwaka mzima, zingeweza kuifuata bila kungoja bunge.

Umeme wa jengo peke yake hautoshi hapa, ambako stima hupotea mvua ikinyesha na mishumaa huwashwa dakika hiyo hiyo. Kifaa kilichounganishwa na umeme lazima kiwe na betri ya akiba ndani yake. Kinachoendeshwa na betri tupu kinafaa kuliko kutokuwa na chochote, bora kitunzwe. Kibonyezwe kila mwezi. Vumbi na wadudu waliojificha ndani vitolewe kwa brashi laini. Kikitimiza miaka kumi tangu kilipotengenezwa, tarehe ikiwa imeandikwa mgongoni, kibadilishwe hata kama bado kinalia kikibonyezwa, maana kitufe hupima hasa betri na spika, si uwezo wote wa kuuona moshi.

Kuna lalamiko moja la wageni wa Kericho ambalo wahudumu hawaliamini. Mgeni anasema kifaa kililia tiki, tiki, tangu saa kumi alfajiri. Mhudumu anapanda saa nne asubuhi, anabonyeza kitufe, kinapiga kelele safi, tiki haipo. Anaondoka akiamini mgeni aliota. Mgeni hakuota. Tiki hiyo ni onyo kwamba betri inaisha. Betri hutoa umeme kwa mmenyuko wa kikemikali, na mmenyuko huo hupungua kasi baridi ikizidi, ukinzani wa ndani ukapanda na volti zikashuka. Betri iliyokaribia kuisha huwa juu kidogo ya kiwango cha onyo wakati wa mchana, na saa ya baridi kuliko zote, kabla ya mapambazuko, huteleza chini yake. Jua likitoka hupanda tena na kunyamaza. Kwa hiyo kwenye nchi hii neno la mgeni lina uzito kuliko kipimo cha saa nne. Betri iliyolia alfajiri ibadilishwe siku hiyo hiyo, na mhudumu akienda kubadilisha akague na chumba cha jirani, kwa kuwa huenda betri zote zilitiwa wiki moja.